Ukuta Usio na Simenti
Safari fupi ya Thimlich Ohinga, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania

Nawaandikia kutoka hapa Lweba, kando ya ziwa letu Tanganyika.

Ninyi wa Misisi, wa Lubichako, wa Kamituga na karieri zingine, jiwe mnalijua sana. Mnalipasua kwa baramini, mnalitwanga, mnaliosha, mkitafuta kile kilicho ndani yake. Dhahabu ikishatoka, jiwe lenyewe linatupwa, na hakuna mtu anayeuliza tena habari zake. Mwezi huu nataka tutembee pamoja mahali ambapo watu wa zamani walifanya kinyume. Waliokota mawe ya bure yaliyolala juu ya ardhi, wakayapanga moja juu ya lingine, bila simenti, bila chokaa, hata bila udongo wa kuyashikanisha. Imepita miaka karibu mia tano, na kuta zile bado zimesimama.

Mahali penyewe panaitwa Thimlich Ohinga. Ni katika nchi ya Kenya, kaunti ya Migori, si mbali na mpaka wa Tanzania wala na ziwa Victoria. Kijana mmoja aliniuliza: "Mchungaji, mawe tu! Kweli inafaa mtu kuyasafiria?" Naomba msome mpaka mwisho, kisha mjibu wenyewe.

NJIA YA KUFIKA

Sisi tulikuwa watatu, mimi pamoja na vijana wawili wa kanisa. Mkutano wa wahubiri ulikuwa umetufikisha Musoma, upande wa Tanzania, na tulikuwa na siku mbili mbele ya safari ya kurudi. Siku hizo mbili tulizitumia vizuri.

Wewe ukitoka Fizi, unavuka ziwa mpaka Kigoma, unapanda basi mpaka Mwanza, kisha unapita Musoma na Tarime na kufika Sirari. Pale ndipo mpaka. Upande wa pili panaitwa Isebania, na hapo umeingia Kenya. Usisahau karatasi zako za safari, na tena usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana sisi tunaotoka Kongo tunaulizwa kadi hiyo.

Pale mpakani angalia jambo moja. Wakuria wako upande huu, na Wakuria wako upande ule. Waluo vilevile. Mstari umepita katikati ya jamaa moja, na watu wanaendelea kuoana na kuzikana. Sisi wa Fizi hatuwezi kushangaa. Babembe wako Baraka na wako Kigoma, na ndagala wa ziwani hawajui mpaka uko wapi.

Toka Isebania mpaka mji wa Migori barabara ni ya lami. Baada ya Migori bado kilomita 46 hivi, kuelekea kaskazini-magharibi, na mwisho wa njia ni vumbi tupu. Tulichukua pikipiki. Nchi ni kavu, yenye miiba na mbuzi wengi, na watu wanalima mahindi na mtama.

Katika eneo hilo la Nyatike utakutana pia na wenzenu. Ndiyo, wachimbaji wa dhahabu! Pale Macalder palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu tangu wakati wa ukoloni, wenye mashine na mishahara. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1966. Leo wananchi wanachimba kwa mikono yao, sawasawa na makreseri wa kwetu, na wana mashimo yao na mavumbi yao. Weka jambo hilo moyoni. Tutalirudia.

TUINGIE NDANI

Mahali hapa panalindwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Unalipa tiketi, unaandika jina lako katika kitabu, kisha unapewa kiongozi. Wetu alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa vijiji vya jirani, mpole, asiyependa haraka. Kwanza alitueleza jina. Katika lugha ya Kiluo "thim" ni pori, "lich" ni la kutisha, na "ohinga" ni boma la mawe. Basi ni boma la pori zito linalotisha. Mpaka leo maboma yamezungukwa na miti mingi, na ile yenye maziwa makali, inayofanana na kinara cha taa, ndiyo inayoonekana zaidi.

Eneo lote ni hekta 21, na ndani yake mna maboma manne makubwa yanayoitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndilo kubwa kuliko yote. Penye ukuta mfupi kimo chake ni meta moja tu, lakini penye ukuta mrefu ni zaidi ya meta nne, yaani mara mbili ya mlango wa kanisa letu. Unene wake ni toka meta moja mpaka tatu. Kijana mmoja wa kwetu alilala chini kando ya ukuta ili apime kwa mwili wake. Tulicheka, lakini aliposimama alinyamaza.

Sasa tuingie kwa mlango. Hapo lazima uiname! Mlango ni wa chini, na juu yake yamelazwa mawe marefu yanayobeba uzito wote. Kiongozi akasema, "Hapa rafiki aliinama na adui aliinama. Tofauti ni kwamba adui alikuta mtu ndani anamsubiri." Karibu na mlango kuna mahali palipoinuliwa ambapo mlinzi alisimama kuangalia nchi.

Ukiisha kuingia unaona kwamba hapa hapakuwa ngome ya askari. Palikuwa kijiji. Kuna vizuizi vya mawe vya kufungia ng'ombe usiku. Kuna alama za duara chini, mahali zilipokuwa nyumba. Kuna mawe ya kusagia nafaka, yameliwa katikati kwa mikono ya mama zetu wa zamani. Juu ya mwamba mmoja kuna vishimo vilivyopangwa mistari, vya mchezo wa bao, ambao wengine tunauita kisolo. Basi watu wale, hata kama walikuwa na hofu ya wezi na ya wanyama wakali, jioni walicheza.

Kuna pia mahali pa wafua chuma, nje ya boma la Kochieng. Wataalamu waliochimba ardhi polepole walikuta shanga za kioo zilizotoka mbali. Maana yake watu wale hawakujifungia. Walikuwa na ukuta, na walikuwa na mlango, na bidhaa za nchi za mbali zilipita katika mlango ule.

NAMNA UKUTA UNAVYOSIMAMA

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, ninyi watu wa mawe.

Ukuta huu umejengwa kwa sehemu tatu. Kuna uso wa nje, wa mawe yaliyochaguliwa na kupangwa. Kuna uso wa ndani, nao vilevile. Katikati yao kuna sehemu ya tatu, ya mawe madogo madogo yaliyojazwa, na hayo ndiyo yanayoshikanisha uso wa nje na uso wa ndani. Mawe hayakuchongwa. Kila jiwe lilichukuliwa na umbo lake, lenye pembe, lenye kona, lenye tumbo, likatafutiwa mahali panapolifaa.

Mmoja wa vijana wangu amefanya kazi Misisi miaka kadhaa. Kiongozi hakuhitaji kumweleza mara mbili. Alizunguka, akachungulia, akasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Mchungaji, hapa hakuna jiwe linalofanya kazi peke yake. Ukitoa hili dogo, lile kubwa linashuka." Ni kweli. Mtu aliyeshuka katika shimo lisilofungwa vizuri kwa miti anajua maana ya maneno hayo kuliko mimi niliyesoma shule ya Biblia.

Mkimaliza kusoma hapa, fungueni 1 Petro 2:5, mahali mtume anapotuita sisi mawe yaliyo hai. Nimehubiri juu ya mstari huo mara nyingi. Siku zote nilifikiri jiwe la kuhesabiwa ni lile kubwa la mbele, linaloonekana. Thimlich imenifundisha kumfikiri mama anayefagia kanisa na kijana anayebeba maji ya ubatizo. Hao ndio mawe madogo ya katikati. Ukiyatoa, kanisa litaendelea kuonekana zuri kwa siku chache tu.

UKUTA NI WA NANI?

Tuliuliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza, "Ni kabila gani lililojenga?"

Kiongozi alitabasamu. Akatueleza kwamba Thimlich si peke yake. Katika sehemu ile ya kusini ya Nyanza wataalamu wamehesabu mahali 138 penye maboma ya namna hii, na ndani yake majengo ya mawe 521. Hakuna mfalme mmoja mwenye jina aliyeamuru kazi hiyo. Ujenzi ulianza katika karne ya 16 hivi. Wengi wanafikiri watu wa kwanza walikuwa wa lugha za Kibantu. Baadaye walikuja wengine, hata Waluo. Kundi lilikaa, likahama, kundi lingine likaingia. Na kila kundi lililoingia lilikuta ukuta wa watu wengine. Lilifanya nini? Halikubomoa ili lianze upya kwa jina lake. Lilitengeneza palipoanguka, likaongeza palipopungua, likalala usingizi. Ndivyo ilivyoendelea mpaka katikati ya karne ya 20.

Ndugu msomaji, hapo nilikaa juu ya mwamba na kufikiri juu ya Fizi.

Vita vya 1996 na vya 1998 vilituvusha ziwa. Wengi wetu tulijua kambi za Lugufu na Nyarugusu kuliko vijiji vyetu. Kuanzia mwaka 2005 watu walianza kurudishwa kwa meli mpaka Baraka. Walikuta nini? Nyumba zimekuwa udongo, minazi na michikichi ina wenyewe wapya, na katika shamba la baba analima mtu mwingine. Kisha, tangu 2015, ndugu wa Burundi wamepokewa Lusenda, hapa jirani. Na watu wa milimani wameshuka mara nyingi, wakikimbia bunduki. Kila jioni, penye lubunga na penye barza, neno ni lile lile. Nani ni mwenyeji? Nani ni mkuja? Babu wa nani alifika kwanza?

Simaanishi kwamba swali la shamba ni la kuchezea. Shamba la mjane lirudishwe kwa mjane, na wenye kuhukumu wahukumu kwa haki. Lakini naona kwamba sisi tumetumia nguvu nyingi kuuliza nani aliweka jiwe la kwanza, na nguvu kidogo sana kuuliza nani ataweka jiwe lililoanguka jana.

Tusidanganyane pia. Watu wa Thimlich hawakuwa malaika. Mtu hajengi ukuta wa meta nne kama anampenda kila jirani. Walijenga juu ya hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu. Mimi siwaleti kwenu kama watakatifu. Nawaleta kama watu waliojua jambo moja, kwamba ukuta usiotengenezwa unaanguka juu ya watoto wa kila mtu, mwenyeji na mkuja.

Na kweli ulianza kuanguka. Wakati watu wa mwisho walipotoka kukaa mahali pengine, hapakuwa na mtu wa kurudisha jiwe mahali pake. Mizizi ya miti ikapenya, wanyama wakapita juu, watu wakapanda. Mwaka 2000 Thimlich iliwekwa katika orodha ya dunia ya mahali pa zamani palipo katika hatari. Ndipo kazi ya kutengeneza ilianza tena, jiwe kwa jiwe, kwa namna ile ile ya zamani, bila simenti. Mwaka 2018 UNESCO ikaihesabu kati ya urithi wa dunia nzima. Kilichoangusha mawe yale ni kuachwa. Kilichoyainua ni mikono.

WAFUA DHAHABU WA NEHEMIA

Wasomaji wa Biblia mmekwisha kumkumbuka Nehemia. Someni nyumbani sura ya 3 yote. Wengi wanairuka, wakisema ni majina matupu. Si majina matupu! Ni orodha ya watu waliotengeneza ukuta wa Yerusalemu, kila mmoja kipande chake, wengi mbele ya nyumba yao wenyewe. Mmo makuhani. Mmo mtu mmoja aliyefanya kazi pamoja na binti zake. Mmo mtengeneza manukato. Wamo pia wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo zao, na Mungu aliacha jambo hilo liandikwe ili tulisome. Na katika mstari wa 8, tena katika mistari ya 31 na 32, mmo wafua dhahabu.

Wafua dhahabu, ndugu zangu! Watu wa kazi ya dhahabu waliacha dhahabu, wakashika mawe ya kawaida, na ukuta ukaisha kwa siku 52.

Sasa turudi Macalder. Mgodi ule ulikuwa na mashine, ukafungwa mwaka 1966. Mawe ya bure ya Thimlich yalikuwepo mbele yake, na yapo nyuma yake. Dhahabu siyo dhambi. Inasomesha watoto, inalipa dawa, inaoa. Lakini dhahabu ni mgeni, inapita. Inatoka Misisi, inafika Bukavu, inavuka mipaka, haikumbuki mkono uliochimba. Swali ni hili: baada ya kupita, imeacha nini kimesimama kijijini?

Najua nyumba ambazo baba ameenda karieri tangu mvua za mwaka jana. Anatuma kidogo, kisha anatuma maneno, kisha hatumi kitu. Najua wasichana wanaoitwa "bibi wa shimo", na watoto wao wasio na jina la baba. Najua vijana waliotoka darasani wakisema wataenda mwezi mmoja tu. Hizo ndizo kuta zetu zinazoanguka polepole, bila risasi, kwa kuachwa. Baba, jiwe lako dogo linaweza kuwa simu ya Jumapili na hesabu ya kweli ya pesa. Kijana, linaweza kuwa karo ya mdogo wako mbele ya redio mpya. Mama, linaweza kuwa kumsalimu jirani wa kabila lile ambalo nyumbani kwenu halitajwi kwa wema.

Tuliporudi Lweba, vijana wale wawili walisimama katika mkutano wa vijana, wakaeleza habari za ukuta. Hawakuhubiri sana. Waliomba watu wa kusaidia Jumamosi kuinua ukuta wa udongo wa mama mmoja mkimbizi, si wa kabila letu, ulioangushwa na mvua. Jumamosi ya kwanza walikuja kumi na moja. Wazee wengine walinung'unika. Jumamosi ya pili walikuja sita. Ukuta uliisha. Siyo Yerusalemu, ni nyumba ya vyumba viwili. Lakini mzee mmoja aliyekuwa amenung'unika alileta miti ya paa jioni, akaitupa chini bila kusema neno, akaenda zake. Mimi nilimwona.

UKITAKA KWENDA

Siku moja inatosha kutembea Thimlich, ukitoka Migori asubuhi. Vaa viatu vizuri na kofia, chukua maji ya kutosha na chakula kidogo, maana njiani maduka ni machache. Usipande juu ya ukuta. Usiondoe jiwe hata dogo kwa ukumbusho. Umekwisha kujua sababu. Na usiende na mawazo ya kutafuta mali iliyofichwa. Mali ya watu wale ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe wamekwisha kwenda. Msikilize kiongozi mpaka mwisho, umuulize maswali, naye atafurahi.

Na kama huwezi kwenda, usihuzunike. Tembea kijijini kwako, utafute mahali ukuta umeanguka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Someni Nehemia 3. Nani alitengeneza mbele ya nyumba yake? Mbele ya nyumba yetu kuna nini cha kutengeneza?

2. Katika jamaa yetu nani ni jiwe dogo la katikati, ambaye hatujamshukuru?

3. Pesa iliyotoka karieri mwaka huu imeacha nini kimesimama?

4. Kuna jirani ambaye tunauliza kila siku alitoka wapi, lakini hatujamuuliza kama paa lake linavuja?

Mungu awabariki, awalinde ninyi mlio juu ya ardhi na ninyi mlio chini yake, na awarudishe nyumbani salama.